Kutengeneza slaidi za picha zako za nyeusi na nyeupe: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ninayoulizwa kuhusu slaidi, yaani kipande cha filamu chenye picha kinachotupiwa ukutani kwa projekta, ni yale yale. Kwa nini slaidi imetoka na ubluu wakati picha yenyewe haina rangi? Kwa nini kona moja ina giza? Kwa nini weusi niliouhangaikia kwenye chumba cha giza umegeuka kijivu ukutani? Nimeyajibu hapa yote kwa pamoja, kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe.

Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004, na siku hizi wengi hupokea kazi kwa faili za kompyuta. Hata hivyo wapo wanaotaka slaidi, na wapo wanaozipenda kwa sababu ya haki kabisa: mwanga unaopenya ndani ya filamu huupa weusi kina ambacho karatasi haiwezi kukifikia. Mkanda, yaani filamu inayoingizwa kwenye kamera, nao unapatikana. Ektachrome, mkanda wa slaidi wa Kodak, ilisimamishwa mwaka 2012, ikarudi mwaka 2018 kwa jina la E100. Ukiombwa faili badala ya slaidi, mpangilio wa taa na kamera ni huu huu.

Katika kazi hii yote shika jambo moja. Anayetazama slaidi yako anatakiwa aione picha uliyoichapa, asizione taa zako, wala vumbi lako, wala meza yako iliyopinda. Karibu kila hatua hapa chini ni ya kuondoa kitu kisichotakiwa.

Kwanza amua aina ya mkanda

Uamuzi huu unatokana na picha zako zenyewe. Kama umezichapa kwenye karatasi yenye joto la rangi, yaani ambayo weusi wake unaelekea kahawia, au umezipitisha kwenye dawa ya sepia au seleniamu na rangi yake ikabadilika, tumia mkanda wa slaidi wa rangi: Ektachrome E100 au Fujichrome Provia 100F. Ukitumia mkanda usio na rangi utaipoteza kazi yote ya ile dawa, na mtazamaji hatajua kama iliwahi kuwepo.

Kama picha zako ni nyeusi, kijivu na nyeupe tupu, una njia mbili. Unaweza kutumia mkanda ule ule wa rangi, mradi rangi ya mwanga wako ilingane nao (hatua ya 6). Au utumie mkanda wa nyeusi na nyeupe unaosafishwa moja kwa moja kuwa slaidi, kama vile ADOX Scala au Fomapan R. Njia ya pili inakuondolea kabisa wasiwasi wa rangi ya taa, ila lazima upate maabara inayojua kusafisha mkanda wa namna hiyo. Uliza kabla ya kununua.

Je, uusafishe mwenyewe? Inawezekana, lakini simshauri anayeanza. Baada ya dawa ya kwanza, fedha iliyotokeza huyeyushwa kwa pamanganeti au daikromati iliyochanganywa na asidi ya sulfuriki. Daikromati husababisha saratani, na asidi ikimwagiwa maji inaweza kuruka ikakuunguza. Siku zote ni asidi inayoingizwa kwenye maji, polepole. Jifunze kwanza kupiga slaidi vizuri, dawa utazifikia baadaye.

Vitu vya kuandaa

- Kamera ya milimita 35 inayokuruhusu kupanga mwanga mwenyewe.
- Lenzi isiyo ya zumu. Lenzi ya kawaida ya milimita 50 inatosha kwa picha ya sentimita 20 kwa 25, kamera ikiwa karibu sentimita 55 hadi 60 juu yake. Kwa picha ndogo, kama za sentimita 10 kwa 15, lenzi hiyo mara nyingi haifiki karibu kiasi hicho. Tafuta lenzi ya makro au pete za kurefusha lenzi.
- Stendi ya kunakilia, yaani nguzo iliyosimama juu ya ubao. Ukikosa, tumia stendi ya miguu mitatu ambayo nguzo yake ya kati inaweza kulala au kugeuzwa.
- Taa mbili zinazofanana kabisa, zenye balbu za aina moja zilizonunuliwa siku moja.
- Kadi ya kijivu ya asilimia 18.
- Kebo ya kufyatulia. Ukikosa, kipima muda cha kamera kitafaa.
- Kitambaa cha mahameli nyeusi kinachoizidi picha kila upande.
- Kioo kidogo cha kujitazamia, kilicho bapa, pamoja na penseli. Usivipuuze hivi viwili, ndivyo vitakavyokuokoa.
- Brashi laini au mpira wa kupuliza vumbi, na glavu za pamba.
- Daftari.

Hatua kwa hatua

1. Nyoosha picha. Karatasi nzito ya nyuzi hujikunja, na kila mkunjo hunasa mwanga wa taa ukatoa mstari mweupe. Ziweke picha chini ya vitabu vizito usiku kucha, katikati ya karatasi safi. Zikikataa kunyooka, zikandamize kwa kioo safi wakati wa kupiga, lakini kiwe ndiyo njia ya mwisho, maana kioo kina pande mbili za kukusanya vumbi na mng'ao. Zipulize vumbi. Picha yenye kidoa cheupe cha vumbi kilichochapwa ndani yake ipakwe rangi ya kuzibia sasa hivi. Ukutani kidoa hicho kitakuwa kikubwa kuliko unavyodhani.

2. Tandika mahameli, weka picha katikati. Fremu ya mkanda ina milimita 24 kwa 36, ambayo kwa umbo ni ndefu kuliko picha ya sentimita 20 kwa 25. Kwa hiyo lazima pembeni patabaki nafasi. Juu ya mahameli nyeusi nafasi hiyo itapotelea gizani, na picha itaonekana peke yake. Ukiiacha juu ya meza nyeupe au ya mbao, mtazamaji ataiona meza kabla ya picha. Usiikate picha ili ijaze fremu. Ulivyoichapa ndivyo inavyotakiwa kuonekana.

Picha za kusimama zigeuze juu ya ubao, kamera uiache ilivyo.

3. Sawazisha kamera na ubao. Wengi hutumia pima maji juu ya kamera wakaishia hapo. Pima maji inakwambia kamera imelala sawa na ardhi, lakini ubao wako huenda haujalala sawa. Njia ya uhakika ni kioo. Kilaze katikati ya ubao, mahali pa picha, kisha chungulia kwenye kamera na uweke fokasi kwenye taswira ya lenzi yako mwenyewe ndani ya kioo. Sogeza kichwa cha stendi kidogo kidogo mpaka duara la lenzi likae katikati kabisa ya fremu. Likikaa hapo, kamera na ubao vinatazamana sawasawa, hata kama meza nzima imeinama. Kaza skrubu zote, kisha angalia tena, kwa sababu kukaza nako husogeza.

4. Panga taa. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Weka taa moja kila upande, zote kwa urefu mmoja na umbali mmoja, zikiulenga ubao kwa pembe ya nyuzi 45. Zisiwe karibu sana. Taa iliyo karibu huangaza ukingo wa upande wake kuliko katikati, na hakuna pembe itakayolirekebisha hilo. Sogeza taa nyuma. Wengine hufanikiwa kwa kuielekeza kila taa kwenye ukingo wa mbali wa picha badala ya katikati, ili mianga ipishane.

Sasa simamisha penseli wima katikati ya ubao. Itatoa vivuli viwili, kimoja kila upande. Vitazame kwa makini: je, vina urefu sawa? Je, weusi wake unalingana? Kivuli cha kushoto kikiwa kizito zaidi, taa ya kulia ina nguvu kuliko mwenzake, kwa sababu ndiyo inayokitupa. Isogeze nyuma kidogo, tazama tena. Endelea mpaka ushindwe kuvitofautisha. Halafu lalisha kadi ya kijivu na upime mwanga katikati na kwenye kona zote 4. Tofauti isizidi robo ya stopu (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu). Mkanda wa slaidi hausamehi, na kijivu laini cha anga au cha ukuta kitaitangaza tofauti yoyote inayozidi hapo.

Zima taa nyingine zote chumbani na ufunge pazia. Mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa balbu utapata picha yenye ubluu upande mmoja na umanjano upande wa pili, na hakuna filta ya kuliponya hilo.

5. Ondoa mng'ao. Rudisha kile kioo mahali pa picha, kisha kisogeze kuanzia katikati mpaka kwenye kona, huku unachungulia kwenye kamera. Ukiiona taa ndani ya kioo popote pale, picha yako ya kung'aa nayo itaiona. Shusha taa mpaka ipotee. Huenda vilevile ukaona sehemu za kamera zinazometameta, au shati lako jeupe. Kata kadibodi nyeusi, itoboe tundu la kupitisha lenzi, uivishe mbele ya kamera. Siku ya kupiga vaa nguo nyeusi.

Kuna njia ya kuweka filta za polaraiza, yaani za kuzuia mng'ao, kwenye taa na nyingine kwenye lenzi. Inaua mng'ao karibu wote, lakini inaongeza ukali wa weusi na weupe, na slaidi tayari huongeza ukali huo yenyewe. Mimi naitumia tu kwa picha zenye uso wa mikwaruzo au vinundu, ambazo pembe ya taa peke yake haizisaidii.

6. Linganisha rangi ya taa na mkanda. Wanaotumia mkanda wa nyeusi na nyeupe waruke hatua hii, isipokuwa kama wanatumia jua. Kwa wengine: mikanda ya rangi niliyoitaja imetengenezwa kwa mwanga wa mchana, wa takriban Kelvini 5500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Fleshi inalingana nao bila kuongeza chochote, ndiyo maana ni chaguo zuri kama unazo mbili zinazofanana. Balbu za studio za Kelvini 3200 zinahitaji filta ya bluu ya 80A kwenye lenzi, na zile za Kelvini 3400 zinahitaji 80B. Filta ya 80A inameza stopu 2 za mwanga. Kipima mwanga cha ndani ya kamera kitahesabu chenyewe, cha mkononi hakitahesabu.

Usijidanganye kwamba rangi haina maana kwa sababu picha haina rangi. Ni kinyume chake. Kwenye picha ya maua wekundu kidogo hupotea kati ya rangi nyingine, lakini kwenye kijivu tupu jicho halina kingine cha kushika, hivyo huuona mara moja.

Huna taa kabisa? Tumia jua. Siku isiyo na mawingu, kati ya asubuhi iliyokomaa na alasiri, jua peke yake huangaza picha sawasawa kila kona, kwa sababu liko mbali sana. Inamisha ubao mpaka kivuli cha penseli iliyosimama wima juu yake kiwe na urefu sawa na penseli yenyewe: hapo jua liko kwenye nyuzi 45. Kisha sawazisha kamera na ubao huo kwa kioo, kama hatua ya 3. Kivulini usipigie mkanda wa rangi bila filta ya kupasha joto, kwa maana mwanga wa kivulini ni wa anga ya bluu.

7. Pima mwanga kwenye kadi ya kijivu, usipime picha. Kosa hili ndilo linaloharibu mikanda mingi kuliko mengine yote. Kipima mwanga hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Kionyeshe picha ya usiku iliyojaa weusi, kitakwambia uongeze mwanga, na usiku wako utatoka umepauka. Kionyeshe ukuta mweupe, kitakwambia upunguze, na ukuta utatoka wa kijivu. Laza kadi ya kijivu mahali pa picha, ijaze kwenye fremu, pima, panga kamera kwa mkono, kisha usiguse tena. Taa hazibadiliki, kwa hiyo kipimo hicho ni cha picha zote, za giza na za mwanga, mradi kamera haijapanda wala kushuka.

Kama huna kadi, pima karatasi nyeupe safi kisha ongeza mwanga kwa stopu 2 na theluthi 1.

Mambo mawili yanasahauliwa hapa. La kwanza, jicho lako likiwa mbali na kamera, mwanga huingia kwa nyuma kupitia tundu la kuchungulia na kukidanganya kipimo cha ndani. Lizibe kwa mkono au kitambaa. La pili, kwa wenye kipima mwanga cha mkononi: lenzi iliyosogezwa nje ili kuona karibu hupoteza mwanga. Kwa picha ya sentimita 20 kwa 25 upungufu ni karibu theluthi ya stopu, na kwa picha ndogo zaidi unakuwa mkubwa zaidi.

8. Weka fokasi na ufyatue. Panga tundu la lenzi kwenye f/8. Ikiwa wazi kabisa kona hulegea, na ukiifunga mno ukali hupungua tena. Weka fokasi kwenye mstari mkali uliomo ndani ya picha, siyo kwenye ukingo wa karatasi ulioinuka. Kasi za kati ya sekunde 1/15 na sekunde 1 ndizo zinazotikiswa zaidi na kioo cha ndani ya kamera kinaporuka. Kama kamera yako inaweza kukiinua mapema, kiinue. Gusa kebo tu, usiguse kamera.

Kama taa zako hutoa joto, ziwashe wakati wa kupiga tu. Zikiendelea kuwaka, karatasi uliyoinyoosha usiku kucha itaanza kujikunja mbele ya macho yako.

9. Piga kila picha zaidi ya mara moja. Piga kwa kipimo chako, kisha ongeza nusu stopu, kisha punguza nusu. Kumbuka slaidi ni kinyume cha negativi: ukizidisha mwanga slaidi inakuwa nyeupe, ukipunguza inakuwa nyeusi. Kama unajua utahitaji seti kadhaa, zipige zote sasa hivi ndani ya kamera. Slaidi iliyopigwa kutoka kwenye picha ni safi kuliko nakala ya slaidi nyingine, na ni nafuu. Andika kila fremu kwenye daftari.

Kabla ya kubomoa mpangilio, weka alama za utepe sakafuni penye miguu ya taa na uandike urefu wa kamera.

10. Chagua, weka kwenye fremu, andika. Usichague kwa kuinua slaidi dirishani. Ile inayopendeza kwenye meza ya mwanga mara nyingi ni nzito mno ukutani. Zitupie ukutani kwa projekta, na kama huna, azima. Tumia fremu za plastiki za milimita 50 kwa 50. Fremu za vioo zinavunjika kwenye posta, na zikivunjika zinakwaruza kazi yako.

Ikiwa pembeni pa picha panaonekana kitu, kizibe kwa utepe maalumu wa fedha wa slaidi, ukiubandika upande wa filamu unaong'aa. Upande uliofifia ndio wenye picha. Gundi haitakiwi kuugusa.

Shika slaidi kama picha inavyotakiwa kuonekana, upande unaong'aa ukikutazama, kisha weka nukta nyekundu kwenye kona ya chini kushoto. Ikiingizwa kwenye projekta ikiwa kichwa chini, nukta hiyo itakuwa juu kulia, na anayepanga hatakuwa na haja ya kubahatisha. Kwenye fremu andika jina lako, jina la picha, mwaka, aina ya uchapaji, na ukubwa wa picha halisi, urefu wa kwenda juu ukitangulia. Ukubwa usiuache: ukutani picha ya kiganja na picha ya mlango huonekana sawa.

Zihifadhi kwenye kurasa za polipropilini, ambazo kwa kawaida hubeba slaidi 20 kila moja. Epuka plastiki laini yenye harufu kali ya PVC, hudhuru filamu kadiri muda unavyokwenda. Weka seti moja gizani usiyoitupia ukutani kamwe.

Kama slaidi zimeharibika

*Zote nyeusi mno au nyeupe mno kwa kiasi kile kile:* taa ziko sawa, kipimo ndicho kibaya. Rekebisha kasi ya mkanda (ISO) kwenye kamera au hesabu ya filta, rudia.

*Baadhi nyeusi, baadhi nyeupe:* ulipima picha badala ya kadi, au kamera ilikuwa imeachwa ijipangie yenyewe.

*Rangi ya chungwa:* balbu bila filta ya bluu. *Ubluu:* kivuli, au filta iliyobaki kwenye lenzi ulipohamia fleshi. *Kijani:* taa za mirija hazikuzimwa.

*Weusi umekuwa kijivu chenye ukungu:* hili linawasumbua wengi, nao hukimbilia kulaumu mkanda. Mara nyingi ni mng'ao mwembamba uliotanda juu ya picha nzima, usio na umbo la taa. Shusha taa, ivishe kamera ile kadibodi nyeusi, futa lenzi, na hakikisha taa haipigi kioo cha lenzi moja kwa moja. Usipunguze mwanga ili kuurudisha weusi. Utaua weupe na ukungu utabaki.

*Picha ni pana juu kuliko chini:* rudi kwenye kioo cha hatua ya 3.

*Katikati kali, kona zimelegea:* karatasi imejikunja, au lenzi ilikuwa wazi mno.

*Ukali wa weusi na weupe umezidi, kijivu cha kati kimepotea:* slaidi huongeza ukali huo kwa picha yoyote iliyochapwa. Kama una negativi na nafasi ya kuingia chumba cha giza, chapa nakala laini kidogo, kwa karatasi ya gredi (kiwango cha ukali huo) iliyo chini kwa nusu au moja, uinakili hiyo. Itaonekana dhaifu mkononi, na itakaa vizuri ukutani. Iandike nyuma kwamba ni ya slaidi, isije ikachanganyika na zile za maonyesho.